Homa imeisha, moyo bado unakwenda mbio: kisa cha mvuvi wa dagaa aliyevimba misuli ya moyo baada ya UVIKO-19

Kisa hiki ni cha kijana aliyelazwa katika hospitali moja jijini Mwanza katikati ya mwaka 2021. Jina lake, kisiwa alikotoka na mambo mengine yasiyogusa tiba yameondolewa au kubadilishwa. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu walioko kwenye zahanati na vituo vya afya vya kandokando ya Ziwa Viktoria. Jambo lililokuwa na uzito kuliko yote katika kisa hiki halikuhitaji mashine yoyote: lilihitaji mtu ahesabu mapigo ya moyo wakati homa imeshashuka, kisha amuulize mgonjwa analalaje.

Mgonjwa na kazi yake

Tutamwita Ndugu M. Alikuwa na umri wa miaka 28, ameoa, na ana mtoto mmoja. Alikuwa akivua dagaa usiku. Wanaoijua kazi hii wanafahamu kwamba ratiba yake hupangwa na mwezi. Giza likiingia, mitumbwi inatoka kila jioni na taa zake. Mbalamwezi ikijaa, watu wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Mshahara hakuna. Mauzo yakishatolewa mafuta na fungu la tajiri mwenye mtumbwi na nyavu, kinachobaki wanagawana waliotoka usiku huo. Asiyetoka hapati kitu. Hili lisomwe kama sehemu ya historia ya ugonjwa, kwa sababu lilikuja kuathiri tiba kuliko kipimo chochote.

Hakuwahi kuumwa moyo. Hakuwa na presha wala kisukari, havuti sigara, na pombe alikunywa kwa nadra. Hakukumbuka kuwahi kuvimba viungo kwa kuhamahama alipokuwa mtoto. Hilo ni swali tunalomuuliza kila kijana mwenye dalili za moyo, kwa kuwa homa ya rumatiki ya utotoni bado inaharibu valvu za moyo za vijana wengi wa ukanda huu.

Alikuwa hajachanjwa. Chanjo dhidi ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, na yeye alikuwa ameshaugua kabla ya hapo, katika wimbi la tatu.

Mambo yalivyofuatana

Nahesabu siku kuanzia siku aliyoanza kuugua.

Siku ya kwanza alipata homa, maumivu ya mwili mzima na kikohozi kikavu. Siku ya tatu alipita kwenye vichanja ambako mke wake alikuwa akianika dagaa na hakusikia harufu yoyote. Mke ndiye aliyelitaja hilo. Mgonjwa mwenyewe hakuliona kuwa ni ugonjwa. Wenzake wawili wa mtumbwi mmoja walikuwa na mafua makali wiki hiyohiyo, na mmoja wao baadaye alipimwa akakutwa na korona. Ndugu M. alijifukiza nyungu nyumbani, akanunua diklofenaki na azithromaisini katika duka la dawa, akameza, akalala. Siku ya sita homa ilikwisha. Akala vizuri, akawaambia watu amepona.

Siku ya tisa giza lilikuwa limeingia, akarudi ziwani.

Siku ya kumi na moja, akiwa katikati ya kuvuta nyavu, kifua kilimbana, moyo ukaanza kudunda bila mpangilio, ikambidi aache kamba na kuketi. Wenzake walidhani ni uchovu wa ugonjwa uliopita. Kesho yake alikwenda zahanati. Alieleza kifua kubana, kichefuchefu, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana vimelea. Hata hivyo alipewa dawa mseto, akaongezewa dawa ya vidonda vya tumbo na diklofenaki nyingine. Kwenye daftari lake la matibabu kuliandikwa joto la mwili na uzito. Mapigo ya moyo hayakuandikwa.

Siku ya kumi na nne alishindwa kutembea kutoka nyumbani hadi mwaloni bila kupumzika njiani. Kaka yake akampakia kwenye mtumbwi wa injini na kumfikisha kituo cha afya. Huko walimpapasa tumbo wakakuta ini limevimba. Kwa mtu aliyekulia kisiwani hilo liliwapeleka moja kwa moja kwenye kichocho, akapangiwa prazikwanteli. Presha ilikuwa ya chini na alionekana dhaifu, kwa hiyo alitundikiwa dripu. Ilipoingia takriban nusu lita alianza kukohoa mfululizo na kukataa kulala. Hapo muuguzi wa zamu alifunga dripu na kumwita tabibu, na rufaa ikaandikwa usiku uleule. Muuguzi huyo ndiye mtu wa kwanza kuunganisha mambo mawili: maji kuingia na pumzi kuharibika.

Alivyofika

Siku ya kumi na tano asubuhi aliingia idara ya dharura akiwa ameketi, ameinamia mbele, mikono imeshika kingo za kitanda. Daktari aliyempokea alimwomba alale chali kidogo ili amkague. Akakataa. "Nikilala pumzi inakatika, daktari. Siku ya tatu leo nalala nimekaa."

Joto lilikuwa nyuzi 37.1. Mapigo ya moyo 128 kwa dakika. Presha 92/60. Pumzi 30 kwa dakika, na oksijeni kwenye kidole asilimia 93 bila msaada. Viganja vilikuwa vya baridi. Mishipa ya shingo imetuna hata akiwa ameketi. Kwenye kifua, sehemu za chini za mapafu yote mawili zilisikika zikitatarika, na moyoni ulisikika mlio wa tatu juu ya ile miwili ya kawaida. Ini lilikuwa limeshuka vidole viwili chini ya mbavu, na lilipoguswa alishtuka kwa maumivu. Vifundo vya miguu vilibonyea kidogo.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mapigo ya haraka yenye asili ya kawaida, mawimbi ya T yaliyopinduka upande wa kushoto wa moyo, na mapigo ya ziada ya mara kwa mara kutoka kwenye ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo. Umbali wa QT, yaani muda wa umeme wa ventrikali tangu kusinyaa hadi kutulia, ulikuwa umerefuka. Troponini, protini inayovuja kwenye damu pale seli za misuli ya moyo zinapojeruhiwa, ilikuwa juu mara nyingi kuliko kiwango cha kawaida. Potasiamu 3.2. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, imepanda kidogo. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi, damu haikuwa pungufu, na hadubini haikuona vimelea vya malaria. Kipimo cha haraka cha korona kilitoka hasi, lakini sampuli ya pua iliyopelekwa kupimwa vinasaba vya kirusi ilirudi chanya siku chache baadaye.

Ultrasaundi ya moyo ndiyo iliyotoa picha kamili. Ventrikali ya kushoto ilikuwa inasinyaa kwa unyonge pande zote kwa pamoja, ikisukuma nje takriban asilimia 30 tu ya damu iliyomo, wakati moyo mzima husukuma asilimia 55 au zaidi. Chumba chenyewe hakikuwa kimepanuka sana na kuta zilionekana nene kidogo, kama ilivyo kwa misuli iliyojaa majimaji ya uvimbe wa siku chache. Moyo uliougua kwa miaka kwa kawaida huwa umelegea na kutanuka. Valvu zote zilikuwa safi. Kulikuwa na maji kiasi kidogo kwenye mfuko unaozunguka moyo, yasiyotosha kuubana.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulihusu maji. Kijana mwenye presha ya 92/60, aliyetoka kuugua homa, mikono baridi: mkono wa yeyote aliyefanya kazi idara ya dharura unakwenda wenyewe kwenye dripu. Lakini mishipa ya shingo iliyotuna na mapafu yanayotatarika yanasema maji yapo tele, ila hayasukumwi. Kumwongezea ni sawa na kupakia mzigo mtumbwi ambao injini yake imeshindwa. Alipewa oksijeni, akaketishwa wima, akachomwa furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, miligramu 40 kwenye mshipa huku presha ikipimwa kila robo saa. Ndani ya saa sita alikojoa zaidi ya lita moja, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu aliegemea mito miwili akasinzia.

Dobutamini iliandaliwa na kuwekwa kando ya kitanda, haikuanzishwa. Dawa hii huupa moyo nguvu lakini pia huchochea mapigo ya ziada, na yeye alikuwa nayo tayari. Alikuwa na fahamu kamili na anakojoa. Timu ilikubaliana mpaka: namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 85, au mkojo ukikauka, dawa inaanza bila mjadala mwingine. Makubaliano yaliandikwa kwenye faili kwa herufi kubwa ili zamu ya usiku isilazimike kukisia.

Kulitolewa pendekezo la kumpa propranololi ili kupunguza mapigo 128. Lilikataliwa. Moyo unaosukuma damu kidogo kwa kila pigo huishi kwa kuongeza idadi ya mapigo. Ukiyapunguza kwa nguvu siku hiyo, unaondoa kitu pekee kinachombakiza mgonjwa hai. Dawa za jamii hii zina nafasi kubwa katika kutibu moyo uliochoka, lakini muda wake ni baada ya maji kutoka.

Azithromaisini na dawa mseto zilisimamishwa. Zote mbili zinaweza kurefusha umbali wa QT, potasiamu ya chini inaongeza hatari hiyo, na furosemidi inapoteza potasiamu zaidi. Mambo haya yakikutana kwenye moyo uliovimba, mdundo unaweza kuvurugika ghafla na mtu akafa akiwa anazungumza. Potasiamu ilirudishwa na ECG ikarudiwa kila siku hadi QT iliporejea. Diklofenaki nayo ilikoma: dawa za kundi hilo hubana figo na kuzuia mwili kutoa chumvi na maji, na mgonjwa huyu alihitaji kinyume chake.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, zinapunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni, wala haziwasaidii wasioihitaji. Ndugu M. alikuwa kwenye oksijeni. Hata hivyo, oksijeni yake ilikuwa chini kwa sababu ya maji yaliyorudi nyuma kutoka moyoni. Picha ya kifua haikuonyesha mabaka ya nimonia ya korona, na baada ya mkojo kutoka oksijeni ilipanda hadi asilimia 97. Timu ikaamua kutompa, ila kama presha ingeporomoka suala lingefunguliwa upya. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani uliotoka mwaka 2022 unaruhusu kufikiria steroidi kwa mgonjwa ambaye miokaditisi (kuvimba kwa misuli ya moyo) ya UVIKO-19 imeyumbisha mzunguko wake wa damu. Kwa hiyo daktari mwingine angeweza kumpa na akawa na hoja. Mimi bado naona kumsubiri kwa saa 24 huku akitazamwa kwa karibu kulikuwa sahihi, kwa sababu alikuwa anaimarika kila saa.

Siku ya nne wodini presha ilivuka 100, akaanza enalaprili, dawa inayoupunguzia moyo mzigo, kwa dozi ndogo. Siku ya sita, mapafu yakiwa makavu, ikaongezwa kavedilolo, dawa ya jamii moja na propranololi, miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, kisha spironolaktoni, inayotoa maji bila kupoteza potasiamu. Alichomwa pia heparini ya kuzuia damu kuganda muda wote alipokuwa kitandani.

Virusi vinaufikiaje moyo

Swali hili mke wake aliliuliza vizuri kuliko wanafunzi wengi: "Kama korona ni ya mapafu na mapafu yamepona, moyo umeguswa na nini?"

Kirusi cha korona huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2. Kipokezi hicho hakipo kwenye njia ya hewa peke yake. Kipo pia moyoni, hasa kwenye seli zinazokumbatia mishipa midogo kabisa ya damu. Kirusi kinaweza kuumiza huko moja kwa moja. Lakini kwa wagonjwa wengi madhara makubwa yanaonekana kutoka kwa mwili wenyewe: seli za kinga na kemikali zake, zilizomwagika kupambana na kirusi, zinawasha misuli ya moyo na ngozi ya ndani ya mishipa. Mishipa midogo inaweza kuziba kwa damu iliyoganda. Homa kali na oksijeni pungufu vinaongeza mzigo kwa moyo ambao tayari umejeruhiwa.

Hii ndiyo sababu tarehe zinadanganya. Kirusi hupungua kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza, homa inashuka, mtu anasema amepona. Kinga ya mwili huwa ndiyo kwanza inapamba moto. Moyo unaolemewa katika wiki ya pili au ya tatu hauendani na fikra tuliyonayo wote kwamba ugonjwa ukipungua umekwisha. Wala si tabia ya korona peke yake: virusi vya Koksaki vimejulikana kwa miongo mingi kwa kufanya hivyohivyo baada ya mafua au kuhara kwa kawaida.

Tusitie chumvi kuhusu wingi wake. Takwimu za hospitali zaidi ya 900 za Marekani, zilizotolewa na CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, Septemba 2021, zilionyesha miokaditisi kwa asilimia 0.146 ya wagonjwa waliokuwa na UVIKO-19, na asilimia 0.009 ya wasiokuwa nao; hatari ya karibu mara 16 baada ya kurekebisha tofauti za umri na mengineyo. Mapitio ya mwaka 2021 ya mioyo 277 ya watu waliofariki kwa UVIKO-19 yalikadiria kwamba miokaditisi halisi ilikuwa chini ya asilimia 2. Troponini iliyopanda, kwa hiyo, si lazima iwe miokaditisi. Mara nyingi ni moyo uliolemewa na ugonjwa wa mwili mzima. Ni tatizo la wachache, lakini miongoni mwa wachache hao wapo vijana ambao hawana sababu nyingine yoyote ya kufa.

Utambuzi wa Ndugu M. unapaswa kuitwa kwa kipimo chake. Nyama ya moyo haikukatwa kuchunguzwa, na picha ya sumaku ya moyo haikupatikana kwake. Vigezo vya wataalamu wa moyo wa Ulaya vya mwaka 2013 vinaruhusu kumweka mgonjwa kwenye kundi la miokaditisi inayoshukiwa kitabibu pale dalili zinapoambatana na ushahidi wa ECG, troponini au picha ya moyo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ukawa umeondolewa. Mishipa yake haikupigwa picha. Tuliegemea umri wake, kukosa vihatarishi, na moyo kudhoofika pande zote, si sehemu moja inayolishwa na mshipa mmoja. Huo ni ushahidi wenye nguvu, lakini si wa mwisho.

Matokeo

Aliruhusiwa baada ya siku 12, mapigo 84, presha 106/68, anatembea ngazi za wodi bila kusimama. Ultrasaundi ya wiki ya sita ilionyesha ventrikali ya kushoto ikisukuma nje asilimia 42 ya damu iliyomo. Mwezi wa tatu 49. Mwezi wa sita 56, bila majimaji yoyote kuzunguka moyo, na ECG ya saa 24 haikunasa mapigo hatari.

Kati ya namba hizo kuna jambo lililotaka kuharibu kila kitu.

Kwa miongozo ya wakati huo, mtu aliyepata miokaditisi alitakiwa kuacha kazi nzito na michezo ya kutoa jasho kwa miezi mitatu hadi sita. Sababu haikutungwa mezani. Tangu 1970 ilijulikana kwamba panya walioambukizwa virusi vya Koksaki, wakilazimishwa kuogelea, mioyo yao iliharibika zaidi na wengi walikufa. Kwa binadamu hofu ni mdundo kuvurugika katikati ya jitihada. Kwa mvuvi hofu hiyo ni maradufu: mtu anayezimia sekunde tano ukingoni mwa mtumbwi usiku hahitaji moyo usimame ili afe. Maji yanatosha.

Kwa mtu anayegawana samaki wa usiku huo, agizo la kupumzika miezi sita maana yake ni familia isile. Afisa ustawi wa jamii aliitwa wodini kabla ya ruhusa. Kwa idhini ya mgonjwa, tajiri alipigiwa simu, na mazungumzo yakafanyika mbele ya kaka mtu. Tajiri aliuliza kitu kimoja: kama barua ya hospitali itasema ugonjwa hauambukizi tena, maana wenzake waliogopa kupanda naye. Ilisema. Wakakubaliana Ndugu M. abaki mwaloni akihesabu ndoo zinaposhushwa na kusimamia vichanja, kwa fungu dogo kuliko la aliyetoka.

Wiki ya tano, usiku ambao dagaa walikuwa wengi, alitoka ziwani. Moyo ukaanza kudunda alipovuta kamba za mwanzo. Wenzake, ambao safari hii walikuwa wameelezwa, walimketisha na kurudi ufukweni. Hakupata madhara, na ultrasaundi ya wiki iliyofuata iliendelea kupanda. Hakutoka tena hadi alipopewa ruhusa.

Kilichosaidia na kilichochelewesha

Nianze na mapigo, kwa sababu kosa la kutoyahesabu ndilo naliona linarudiwa kila mahali. Homa huongeza mapigo, kwa makadirio kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Mtu mwenye nyuzi 39 na mapigo 110 ana maelezo. Mtu mwenye nyuzi 37 na mapigo 128 akiwa ameketi hana maelezo hadi utakapoyatafuta. Kwenye zahanati, siku ya kumi na mbili, saa ya ukutani ingetosha kumpa rufaa. Siwalaumu waliomwona, kwani foleni za zahanati za visiwani nazifahamu na mtoa huduma mmoja hufanya kazi ya watatu. Ninachosema ni kwamba daftari lenye nafasi ya joto na uzito pekee hufundisha watu kupima joto na uzito pekee.

Malaria ilipewa nafasi iliyokuwa imeshapoteza. Kipimo kilisema hapana, dawa ikatolewa. Tatizo kubwa hapo ni kwamba jibu la malaria lilifunga utafutaji. Gharama ya vidonge ni ndogo ukilinganisha. Mgonjwa aliondoka na jina la ugonjwa, na siku mbili zikapotea.

Ini linastahili kuzungumzwa kwa urefu. Kandokando ya Ziwa Viktoria kichocho cha tumbo kipo kwa wingi, na ini au bandama kuvimba ni jambo la kila siku. Ndiyo maana kosa hili ni rahisi sana kwetu. Lakini ini la kichocho cha miaka mingi huwa gumu, mara nyingi halina maumivu makali, na hufuatana na bandama kubwa. Ini lililojaa damu inayorudi kutoka kwa moyo dhaifu linauma likiguswa, limevimba kwa siku chache, na ukimtazama mgonjwa huyohuyo shingoni utaona mishipa imetuna. Maumivu yaleyale chini ya mbavu, pamoja na kichefuchefu, yalikuwa yameshaitwa vidonda vya tumbo. Kiungo kimoja kiliugua kwa sababu ya kingine, kikapewa majina mawili katika vituo viwili, na yote mawili yalikuwa ya kawaida katika eneo hili. Kumtazama shingo mgonjwa aliyeegemea kidogo ni kazi ya nusu dakika.

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni muuguzi kufunga dripu. Tungempokea akiwa na lita mbili ndani, sidhani kama kisa hiki kingeandikwa hivi. Barua ya rufaa nayo ilikuwa na sentensi moja yenye thamani kubwa: "Amezidiwa baada ya maji, hawezi kulala chali." Aliyempokea aliisoma na hakurudia kosa.

Mke wake aliposema habari ya harufu ya dagaa, ratiba nzima ilijipanga. Bila sentensi hiyo tungeona moyo umeshindwa kwa kijana na kuanza na orodha ndefu: VVU, kifua kikuu cha mfuko wa moyo, pombe, valvu. Orodha hiyo ilipitiwa hata hivyo, na inapaswa kupitiwa. Lakini swali la "ulikuwa na mafua wiki mbili zilizopita, na nani mwingine aliugua mtumbwini?" liliongeza kasi.

Kuhusu chanjo, familia iliuliza, kwa sababu walisikia kwamba chanjo ndiyo inayovimbisha moyo. Jibu walilopewa ni la kweli lote: chanjo za mRNA zimehusishwa na miokaditisi, kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi wao hupona haraka. Kwa jumla, ugonjwa wenyewe unaleta hatari kubwa zaidi. Yeye aliugua moyo bila kuchanjwa. Baada ya miezi sita, moyo ukiwa umetulia, alishauriwa achanjwe kwa aina isiyo ya mRNA.

Lililobaki wazi

Mwezi wa sita aliomba kuacha dawa zote. Furosemidi ilikuwa imeshaondolewa mapema, na spironolaktoni ikaondolewa siku hiyo. Enalaprili na kavedilolo ziliachwa. Jaribio la TRED-HF la Uingereza, lililochapishwa 2019, lilichukua watu ambao mioyo yao iliyotanuka ilikuwa imepona na kuwaachisha dawa. Asilimia 44 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi sita. Hao hawakuwa wagonjwa wa miokaditisi ya korona, na inawezekana kijana aliyepona uvimbe wa ghafla ana hatima njema kuliko wao. Hata hivyo tuliona ni mapema kumjaribu wakati ndiyo kwanza anarudi kwenye kamba. Aliruhusiwa kutoka ziwani mwezi wa saba, kwanza kwa kazi ya taa, kisha nyavu baada ya mwezi mmoja. Anachukua dawa za miezi miwili kwa mkupuo mmoja, na tarehe yake ya kliniki hupangwa siku za mbalamwezi ili isigongane na siku za kazi.